Kusikiliza Taarab na Dansi, Kutoka Santuri hadi Simu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa na watu waliorithi santuri na kanda za wazee wao, na wale wanaozisikiliza nyimbo hizohizo kwenye simu na kushangaa kwa nini hazisikiki kama walivyozikumbuka. Majibu yanahusu taarab na muziki wa dansi wa Tanzania na pwani ya Kenya, ingawa mengi yatamfaa mpenzi wa muziki wowote wa zamani. Pale maelezo yalipokwisha kutolewa, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini wimbo uleule ni mfupi kwenye santuri, mrefu redioni na mrefu zaidi ukumbini?

Kwa sababu kila chombo kina kipimo chake, na wimbo ulikatwa kufuata kipimo hicho kama fundi anavyokata kanzu kwa kitambaa kilichopo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, santuri ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba dakika tatu hivi kwa upande mmoja. Wimbo wa taarab ambao barazani ungeweza kuchukua robo saa, pamoja na ala za kufungulia, beti, viitikio na kurudiwa kwa mstari uliowagusa waliohudhuria, ulilazimika kuingia humo. Anayezisikia santuri hizo leo na kudhani kwamba taarab ya zamani ilikuwa ya haraka haraka anasikia haraka ya mashine, si ya mwimbaji.

Dansi ilipata shida yake yenyewe. Wimbo wa dansi kwa kawaida una sehemu mbili: kwanza beti zinazosimulia kisa kwa mwendo wa taratibu, kisha chemko, pale maneno yanapopungua, magita yanaposhika hatamu na watu wanapoacha viti. Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 hauwezi kubeba vyote viwili, ndiyo maana lebo nyingi zimeandikwa sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili. Mvivu wa kugeuza santuri alipata kisa bila ngoma.

Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwenye utepe wa studio, ambao haukuwa na upande wa kugeuza, na kwa hiyo nyimbo nyingi zilizorekodiwa huko zinatiririka bila kukatwa katikati. Ukumbini hakuna kipimo kingine ila pumzi za wapigaji na miguu ya wachezaji.

2. Basi ni toleo gani nianze nalo?

Kwa dansi, anza na rekodi ya redio kama ipo, kwa sababu inakupa beti na chemko kwa mfululizo mmoja. Kwa taarab ya kale, santuri ndiyo iliyobaki, nayo isikilizwe mara mbili tatu mfululizo, kwani masikio yanahitaji muda kuzoea mkwaruzo kabla ya kuanza kuyasikia maneno.

3. Kwa nini santuri nyingi za bendi za Tanzania zimeandikwa Nairobi?

Katika miaka ya 1960 na 1970 Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na Nairobi ilikuwa nacho. Bendi ilifunga safari, ikarekodi nyimbo kadhaa kwa siku chache, ikarudi. Mbaraka Mwinshehe, aliyepata jina akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, ni mfano unaojulikana zaidi. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Mpaka wa nchi hizi mbili ulifungwa mwaka 1977 na kufunguliwa tena mwaka 1983, na safari hizo zikawa ngumu mno. Kanda za kaseti ndizo zilizojaza pengo, tena kwa njia ambayo wanamuziki hawakunufaika nayo sana, kwa sababu mtu yeyote mwenye redio kaseti ya milango miwili aliweza kuwa kiwanda.

## Santuri

4. Nitajuaje santuri nilizorithi ni za aina gani, na zinapigwa kwa mashine gani?

Zishike kwanza. Santuri ya mizunguko 78 ni nzito, ngumu na hupasuka kama sahani ya udongo ikianguka, kwa kuwa imetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Santuri za mizunguko 45 na 33 ni za plastiki nyepesi inayopinda kidogo. Ile ya 45 mara nyingi ni ya inchi 7, na nyingine zina tundu kubwa katikati linalohitaji kipande cha kuzibia kabla ya kuiweka kwenye mashine.

Usiipige santuri ya 78 kwa sindano ya santuri za plastiki, hata kama mashine yako ina swichi ya 78. Mfereji wa 78 ni mpana zaidi, hivyo sindano ndogo hutambaa chini kabisa ambako uchafu umelala na kukupa mkwaruzo mwingi kuliko muziki. Kinyume chake ni kibaya zaidi: sindano nene ya chuma ya gramafoni ya kuzungusha kwa mkono itaichana santuri ya plastiki mara moja tu na haitarekebishika. Gramafoni hizo pia zilitakiwa kubadilishwa sindano kila upande ulipokwisha, jambo ambalo kwa bahati mbaya wengi wa wazee wetu hawakulifuata.

Kama lebo imefutika, tazama eneo laini kati ya mwisho wa mfereji na lebo. Kuna namba iliyochorwa pale na kiwanda, nayo ndiyo kitambulisho cha kweli cha santuri hiyo.

5. Nazisafishaje?

Santuri za plastiki zioshwe kwa maji safi yenye tone la sabuni laini na kitambaa kisichoacha nyuzi, ukifuata mzunguko wa mfereji, bila kulowesha lebo. Spiriti isiguse kamwe santuri ya 78, kwa sababu huyeyusha ule utomvu. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima mbali na dirisha. Nyumba ya bati saa nane mchana inatosha kuipinda santuri iliyolazwa juu ya kabati.

## Kanda

6. Kanda zangu zina zaidi ya miaka 30. Je, bado zitalia?

Nyingi zitalia. Utepe wenyewe huishi kuliko ganda lake, na kinachokufa mapema ni kile kipande kidogo chenye manyoya, kilichobandikwa kwenye kibati chembamba cha shaba, kinachoukandamiza utepe kwenye hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma sauti. Gundi yake hukauka, kipande kikadondoka, na sauti ikawa hafifu kama mtu anayeimba akiwa chumba cha pili. Watu wengi hutupa kanda hapo wakidhani wimbo umefutika.

Dawa yake ni kuhamisha utepe. Tafuta kanda isiyo na thamani yenye skrubu tano, kwani zilizobandikwa kwa gundi hufunguka kwa kupasuliwa. Fungua zote mbili juu ya meza yenye mwanga, zikiwa zimelala upande uleule. Nyanyua magurudumu mawili ya utepe wa zamani kwa pamoja, uyaweke kwenye ganda jipya, upitishe utepe mbele ya zile rola ndogo za pembeni, ufunike, na ukaze skrubu bila kuzibana sana. Mara ya kwanza itakuchukua saa nzima, ya tano dakika kumi.

Kabla ya kupiga kanda yoyote ya zamani, ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha, ili utepe uliogandamana uachane. Kalamu ya Bic bado inafaa kwa kazi hiyo. Vunja pia vile vijino viwili vya mgongoni kama bado vipo, maana usipovivunja, mtoto akibonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, wimbo umekwenda.

7. Sauti ni butu, vyombo vya juu havisikiki kabisa. Kanda imechakaa?

Kwanza safisha hedi kwa pamba na spiriti. Pamba itatoka na rangi ya kahawia, nayo ndiyo iliyokuwa imefunika sauti. Ikiwa bado ni butu, shida ni mlalo wa hedi. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo, mara nyingi yenye springi chini yake. Kanda ikiwa inalia, izungushe kidogo kidogo kwa bisibisi nyembamba huku ukisikiliza matoazi ya ngoma au herufi "s" katika maneno ya mwimbaji. Kuna mahali ambapo sauti hufunguka ghafla kana kwamba mtu amefungua dirisha. Acha hapo. Kila kanda ilirekodiwa kwa mashine yake, kwa hiyo kanda ya pili inaweza kutaka mahali tofauti.

8. Wimbo unakwenda kasi au pole kuliko ninavyoukumbuka. Nitajuaje kasi sahihi?

Kanda ilipaswa kupita mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 kila sekunde, lakini mashine nyingi zilichoka belti, na kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa ilirithi makosa ya mashine zote. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia duka moja lininakilie kanda sita, zikarudi zote zikiwa zimepanda kiasi kwamba mwimbaji wa kiume alisikika kama kijana anayebalehe. Nilikaa nazo miaka miwili nikidhani ndivyo alivyoimba.

Usitegemee magita peke yake, kwa sababu bendi nyingi zilijitunia zenyewe kwa zenyewe bila kipimo cha nje. Kuna ujanja mwingine wa kuaminika zaidi. Umeme wa kwetu una mitetemo 50 kwa sekunde, na mara nyingi mvumo wake uliingia kwenye rekodi ya awali. Katika programu ya kompyuta, tazama sehemu ya kimya kabla ya wimbo kuanza: mvumo ukionekana kwenye 52 badala ya 50, au 104 badala ya 100, basi kanda inakwenda kasi kwa asilimia 4, nawe unajua kiasi cha kuipunguza. Hakikisha tu kwamba mvumo unaoupima haukutoka kwenye waya zako za leo, kwa kusimamisha kanda na kuona kama unatoweka.

9. Nahamishaje nyimbo kutoka kanda kwenda kwenye kompyuta?

Unahitaji redio kaseti au deki iliyo katika hali nzuri, waya wa kutoka tundu la hedifoni, na tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Kompyuta mpakato nyingi zina tundu la maikrofoni tu, ambalo ni la upande mmoja na hukoroma, hivyo afadhali kununua kile kifaa kidogo cha sauti kinachochomekwa kwenye USB. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha.

Panga kiwango cha kurekodi ili kilele cha wimbo kisifike kabisa kwenye alama nyekundu, kwani sauti iliyopasuka kwenye kompyuta haishoneki, wakati iliyorekodiwa chini kidogo hupandishwa bila madhara. Hifadhi kwanza kwa WAV, ambayo kwa ubora wa CD huchukua kama MB 10 kwa dakika, yaani karibu GB moja kwa kanda ya dakika 90. Kutoka hapo ndipo utengeneze faili ndogo za MP3 za kuwatumia ndugu. Usitupe kanda baada ya hapo. Mashine ya kesho inaweza kusoma vizuri zaidi kuliko yako ya leo.

10. Je, niondoe mkwaruzo na makelele yote?

Hapana. Programu za kuondoa makelele hufanya kazi kwa kukisia, na zikilazimishwa hula pamoja na makelele ile hewa iliyozunguka sauti ya udi au fidla, hadi kinachobaki kinasikika kama kiko chini ya maji. Punguza kidogo, na uhifadhi nakala ambayo haikuguswa.

Kanda nyingi za nyumbani zilirekodiwa kwa kuweka redio moja mbele ya nyingine. Katika kanda ya baba yangu, katikati ya chemko, anawika jogoo, kisha mama anasikika akimwambia mtu afunge mlango. Ningeweza kumfuta jogoo kwa dakika tano.

## Simu, sabufa na hedifoni

11. Je, kuna tofauti kati ya faili ndogo na kubwa?

Ipo, lakini hutegemea chanzo. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua kama MB moja kwa dakika, na kwa santuri ya 78 ambayo tangu awali haikuwa na sauti za juu sana wala za chini sana, masikio mengi hayatagundua upungufu. Kwa taarab ya okestra kamili, yenye fidla kadhaa, akodioni, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na nai (filimbi) vikiimba mkondo mmoja, faili ndogo huvikoroga kuwa kitu kimoja, na hapo kilobiti 256 au 320 zina faida ya kweli. Kilobiti 320 hula karibu MB 144 kwa saa, kwa hiyo ni busara kupakua ukiwa kwenye Wi-Fi.

Faili iliyopita katika simu nyingi na kubanwa upya kila mara haiponi kwa kugeuzwa kuwa kubwa. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

12. Nimenunua sabufa kubwa, mbona zilipendwa zinasikika vibaya kuliko kwenye redio ya zamani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Sabufa nyingi za madukani zimetengenezwa kwa muziki wa kisasa, ambamo besi ni pigo linalosukuma kifua. Katika dansi, besi ni mwimbaji: inatembea, inauliza na kujibu, na kila noti yake inatakiwa isikike ikianza na kuisha. Sabufa yenye boksi linalovuma huzigeuza noti zote kuwa mvumo mmoja. Wakati huohuo vile vispika viwili vidogo vya pembeni havina uwezo wa kubeba sauti za kati, na za kati ndiko waliko mwimbaji, gita la solo, gita la pili na ridhim, yaani wimbo wenyewe. Redio ya zamani, yenye spika moja pana ndani ya boksi la mbao, ilikosa chini na juu lakini ilikuwa tajiri katikati.

Kabla ya kuiuza, jaribu haya. Punguza kitufe cha besi hadi uhisi imepotea, kisha uirudishe kidogo. Iondoe sabufa kwenye kona, kwa sababu kuta mbili na sakafu huongeza mvumo. Vipandishe vispika vidogo hadi usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, vikimwelekea, badala ya kuviacha juu ya kabati vikiiimbia dari. Ukiweza kuyafuata magita mawili yanavyopokezana bila kukaza masikio, umefika.

13. Hedifoni za waya au za Bluetooth?

Za waya hukupa sauti nzuri zaidi kwa pesa ileile, na hazihitaji chaji. Za Bluetooth huibana faili upya njiani, jambo linaloonekana zaidi kwa faili iliyokwisha kubanwa. Wawili wanaogawana hedifoni, sikio moja moja, hawapotezi kitu kwa nyimbo za mkondo mmoja wa sauti (mono), kama zilivyo rekodi nyingi za zamani. Kwa zenye mikondo miwili (stereo), mmoja anaweza kusikia solo na mwingine ridhim.

14. Sauti ya kiasi gani ni salama?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa kiwango cha desibeli 80, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 90 unabakiwa na kama saa nne tu kwa wiki nzima. Ukivaa hedifoni na kushindwa kumsikia anayekusemesha hatua moja kutoka ulipo, umezidisha. Masikio yakivuma baada ya onyesho, hiyo si kumbukumbu ya raha.

## Ukumbini

15. Wapi naweza kusikia muziki huu ukipigwa mbele yangu?

Zanzibar ina vikundi vyenye umri mkubwa: Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958. Tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika Mji Mkongwe mwezi Februari tangu mwaka 2004. Dar es Salaam, Msondo Ngoma na Mlimani Park, ambayo mashabiki huiita Sikinde, ndizo bendi zilizobeba utani wa muda mrefu kuliko zote. Ukienda kwa mmoja usitaje jina la mwingine mezani ila kama unapenda mabishano. Tangazo likisema saa mbili, tarajia nyimbo za kupasha moto. Waimbaji wakubwa hupanda baadaye.

16. Nikae wapi ili nisikie vizuri?

Tafuta meza ya fundi mitambo na ukae karibu naye, kwani anapanga sauti kwa masikio yake mahali alipo. Mbele kabisa pembeni, miguuni mwa spika, utasikia upande mmoja wa bendi na kuumiza masikio (tazama swali la 14). Kwa taarab ya asili yenye ala chache zisizotumia umeme, mambo hubadilika: sogea mbele, usikie kucha za mpigaji kanuni zikikwaruza nyuzi.

17. Kutunza kunafanywaje?

Katika taarab, mpenzi hunyanyuka, akaenda mbele kwa mwendo wa kucheza, akampa mwimbaji noti na kurudi taratibu. Hakuna anayekimbia. Mgeni anapaswa kujua kwamba kutunza ni kusema. Ukiinuka kwenye beti fulani, waliopo wanaelewa kwamba beti hiyo umeifanya yako, na katika mipasho inaweza kuonekana kwamba umemlenga mtu aliyeketi ukumbini. Niliwahi kumwona bibi mmoja akiinuka kwa utulivu mkubwa, noti ya shilingi 500 mkononi, akapita mbele ya meza ya jirani yake kabla ya kufika kwa mwimbaji, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kama hujui maneno ya wimbo, subiri wakati wa ala. Katika dansi mambo ni mepesi: mpiga solo akikufurahisha, unambandika noti kwenye paji la uso, naye anaendelea kupiga.

18. Naruhusiwa kurekodi kwa simu?

Omba ruhusa kwa kiongozi wa kikundi kabla ya onyesho. Sheria za hakimiliki zinamlinda mwanamuziki, na zinasimamiwa na COSOTA Tanzania Bara, COSOZA Zanzibar na KECOBO Kenya, lakini hata kabla ya sheria ni adabu. Ukiruhusiwa, rudi nyuma, kwa sababu maikrofoni ya simu hupasua sauti karibu na spika, na usiifunike kwa kidole.

## Maswali ya pembeni

19. Wimbo mmoja, majina matatu ya bendi. Nani mkweli?

Huenda wote. NUTA Jazz, Juwata Jazz, OTTU Jazz na Msondo Ngoma ni bendi moja; majina matatu ya kwanza yalifuata chama cha wafanyakazi kilichokuwa kikiimiliki. Isitoshe, wanamuziki walihama na nyimbo zao, wakazipiga upya walikokwenda. Sikiliza jina la mtindo au majina ya wapigaji yanayotajwa katika chemko; mara nyingi hapo ndipo bendi inapojitambulisha.

20. Ndugu yangu wa Muscat amenitumia faili imeandikwa Siti binti Saad, lakini magita ya umeme yanasikika. Inawezekana?

Haiwezekani. Siti alifariki mwaka 1950, na wapigaji aliorekodi nao walitumia ala kama udi na fidla. Uliyotumiwa ni wimbo ulioimbwa upya na mtu mwingine, au jina lilibandikwa na aliyetaka faili yake ifunguliwe. Muulize ndugu yako ameipata kwa nani, na huyo naye ameipata kwa nani. Ikiwa mwisho wa mnyororo kuna mtu mwenye kanda mkononi, mwombe apige picha pande zote mbili za kasha kabla hajafanya kitu kingine chochote.